Karani Aliyeachwa Hai

Mjukuu wangu Divine,

Amani ya Mungu ikufikie huko Liège. Sisi wa hapa Bujumbura, mtaani Mutanga Nord, tu wazima, ila bibi yako bado anagombana na goti lake.

Umeuliza kwa nini Jengis Khan, aliyeteketeza miji mizima, aliwaacha hai waliojua kuandika. Watawala wa namna ile huhitaji orodha. Nilikuwa karani kijana wa ghala kule Zone Industrielle, eneo la viwanda, siku walipoingia watu wenye bunduki.

"We karani, andika majina ya wafanyakazi bote," mkubwa wao aliniambia.

Nikaandika. Jina la rafiki yangu Salvator nililiruka. Walioandikwa walichukuliwa wote, wasirudi tena; tukabaki mimi na Salvator. Salvator hakunishukuru kamwe. Kaka yake alikuwa wa nne kwenye orodha.

Babu yako