Siku Mfumo Mpya Uliponiandika Marehemu

Mjukuu wangu Neema,

Huku Chanika hatujambo, babu yako anapanda mihogo. Umeuliza ni siku gani siisahau nilipokuwa nafanya kazi kampuni ya simu, tulipohamisha wateja kwenye mfumo mpya wa kompyuta.

Mfumo ulinichanganya na Rehema mwingine aliyefariki, ukafunga laini yangu. Mama hakunipata, akapiga huduma kwa wateja. Akajibiwa, "Pole mama, mwenye namba hii ameshafariki."

Akaja ofisini kwetu Temeke kuuliza mwili uko wapi. Aliponiona nimeketi mezani pangu nafanya kazi, akanijia moja kwa moja.

Akanishika uso. "Mwanangu, si wangekupigia kwanza?"

Tangu hapo tulimpigia mteja kabla ya kufunga laini yoyote. Ila siku ile mama hakuondoka. Alikaa kando yangu, kanishika mkono, hadi tulipotoka kazini.

Ni mie bibi yako, Rehema