Papa Anaamukia Ngombe Zenye Haziko

Ndiyo Papa Léonard, njo miye. Njo miye ule binti mwenye alipiga simu mu emission yako ya mashauri akakata mbele ya kusema jina, na weye ukacheka mu radio, "huyu iko na mambo ya bwana, atarudia." Haiko mambo ya bwana. Ni mambo ya usingizi, na mpendwa mushauri, unisaidie mbele hii juma iishe, juu bus yangu ya Kampala inaondoka juma ijayo na miye sijue kama nitapanda.

Jina yangu ni Umugwaneza, ninasomaka biologie ku université mu Goma. Sisi ni ba Nyamitaba, kule Masisi, tulikuwa na ngombe, Papa yangu Kanyamibwa alikuwa anazikamua yeye mwenyewe na tunauzisha maziwa, kisha vita ikatufukuza, ngombe zikachukuliwa zote, sasa tunapanga nyumba hapa Bweremana, na Papa, kila asubui, mbele jogoo iwike, anaamuka ile ile saa yake ya kukamua, ananawa mikono, anakamata icyansi, ile chombo ya muti ya kukamulia, anaenda kukaa inje ku jiwe, icyansi katikati ya magoti, mupaka jua inatoka, kisha anairudisha ku musumari, kavu, na hakuna mwenye anasemaka kitu, hata Mama.

Basi ku masomo wakatufundisha kama mwili ya muntu iko na saa yake ya ndani, na mwangaza ya jua njo inaipanga, nikafikiria Papa. Kukakuwa laboratoire moja kule Kampala yenye inachunguza usingizi, ilikuwa inatafuta banafunzi ba stage, ba kujifunza kazi, mu grandes vacances, likizo kubwa, kila mumoja atume swali yake, miye nikatuma hivi: juu ya nini mwili ya mufugaji inaamukia ngombe zenye haziko? Wakanichagua, Papa Léonard! Miye peke mu promotion yetu, darasa yote. Na wakanitumia bracelet fulani, inafanana saa lakini haionyeshe saa, muntu anaivaa ku mukono inaandika wakati analala na wakati anaamuka, wakasema Papa aivae, nikuje nayo, njo itakuwa kazi yangu.

Mukubwa yangu Mucyo alianguka chini na kicheko. "Wenzako wanasoma sheria, wanasoma madawa, weye unaenda kusoma kulala? Ungeniuliza miye, niko professeur ya ile!" Jirani yetu Mama Libérata naye, "Mutoto, kama kule wanatafuta bantu ba kulala, wapatie jina ya bwana yangu, hawatamushinda." Wote tukacheka. Papa hakucheka.

Akaniuliza, "Umeambia bantu ba Kampala kama miye silalake?"

Nikasema, "Hapana Papa, ni science."

"Science. Na walikuuliza ngombe zilienda wapi?"

Nikamupa bracelet mu mukono. Akaangalia ile bracelet, akaiweka ku meza polepole. "Miye siko mugonjwa."

Kesho yake Mama akataka kutengeneza mambo. Unajua kwetu mutoto akienda safari ya mbali baba yake anamunywesha maziwa, njo baraka yake, hata Mucyo wakati alienda kutafuta kazi Goma Papa alimukamulia yeye mwenyewe na kumupa mu mikono. Basi Mama akanunua maziwa ya paketi ku duka, akaimwanga mu kikombe, akaipeleka mbele ya Papa ili anipatie. Papa akaangalia kile kikombe, akakisukuma. "Hii nitamupa namna gani?" Akatoka inje, na toka siku ile hatusemeshane, tunapitana mu nyumba kama wapangaji wawili. Sasa niko nauliza, niende bila baraka ya baba yangu juu ya hii bahati yenye hairudiake, ao niache stage nibakie? Mucyo anasema panda bus. Mama analia tu. Unijibu, Papa, lakini usitaje jina ya Papa yangu mu radio, ataisikia.

Umugwaneza, Bweremana

PAPA LÉONARD ANAJIBU

Umugwaneza mwanangu, jina ya baba yako sitaje mu radio, hii jibu nakuandikia ku karatasi na mukono yangu, kama mwandiko ni mubaya ulaumu mwalimu yangu: mwaka ya tatu ya primaire yeye alibakia mu darasa, miye nikaenda soko.

Kwanza, pole. Ya pili, kaa chini nikugombeze kidogo. Weye ulikamata usingizi ya baba yako ukaipeleka Kampala, na mwenyewe akaisikia wa mwisho! Miye mwenye niliuzisha ndizi kule Mpofi zikiwa zingali ku shina, hata miye nilikuwa naomba mwenye shamba kwanza. Wakati ulikuwa unaandika ile swali, Muzee wako alikuwa inje ku mulango, hatua mbili. Ungetoka umuulize.

Lakini angalia muzuri, juu kuna kitu umeniandikia weye mwenyewe na haukuiona. Bracelet, baba yako hakuitupa. Aliiweka ku meza polepole. Kikombe njo alisukuma. Mucyo, mwenye alikuwa anaenda pale Goma tu kutafuta kazi, alikunywa maziwa ya mikono ya baba yake. Weye unaenda mbali kuliko wote, na akutume na paketi ya duka? Muzee hakukukatalia Kampala, mama. Anasikia haya juu hana kitu ya kukupa ku mulango. Haya ya namna ile muntu haisemake. Anatoka inje tu.

Na ile kukaa ku jiwe, usiharakishe kuiita saa ya mwili. Inawezekana ni mwili, sikatae, miye sijue science. Lakini inawezekana pia ni yeye njo anaamuka kwa kupenda, juu siku yenye atalala mupaka jua itoke, atakuwa amekubali kama zile ngombe zimeisha. Swali yako ni muzuri sana, njo maana ba Kampala wote waliipenda. Ila jibu nusu moja iko ku jiwe.

Basi fanya hivi. Kesho akitoka, na weye utoke. Bracelet uiache mu nyumba. Ukae karibu yake, umuulize majina ya zile ngombe, moja moja, ile yenye ilikuwa na maziwa mingi, ile yenye ilikuwa inapiga teke. Usiandike. Akimaliza, omba musamaha, kisha uombe ruhusa: "Papa, naweza kupeleka hii habari?" Akisema hapana, utawaandikia ba laboratoire wakupatie swali ingine, na utaenda na ile ingine. Habari yake ni yake. Lakini kuacha stage, hapana! Nikikuona hapa Bweremana wakati ya vacances unachuuza samaki ya sambaza ku beach ya ziwa, nitakufukuza na fimbo.

Sasa tuseme maziwa. Mwaka hii nilibadilisha moto yangu, ni kusema pikipiki, na ngombe. Usicheke. Ile moto ilikuwa inakataa kuwaka, na ngombe, nilifikiria, inawaka yenyewe. Iko hapa juu ku kilima, imezaa, na kila asubui inalia mpaka kilima yote inaamuka, isipokuwa miye. Nikifika jua iko katikati, kinyana, ile mutoto yake, amekunywa yote, na Mama Dancille, jirani yangu, anapiga kelele, "Léonard, bibi yako wa pembe alikungoja!" Muzee wako iko na saa, ngombe hana. Miye niko na ngombe, saa sina.

Njo mapatano yangu. Ngombe inakuja kwenu, Muzee aichunge vile bazee ba Masisi wanaragizana, wanachungishana ngombe, toka zamani: maziwa ni yake, huyu kinyana ni wangu, mwenye atafuata ni wake. Na umwambie wazi kama haiko musaada, mwenye shida hapa ni miye. Asubui ya bus akukamulie mu ile icyansi, akunyweshe mu mikono yake, upande gari na povu ku mudomo.

Utaniambia, "Papa Léonard, ngombe ikifika, swali yangu inakufa." Ndiyo, inaweza kufa. Muzee atakuwa anaamukia ngombe yenye iko, na ba laboratoire watahuzunika kidogo. Basi uwapelekee swali ingine: juu ya nini kuna muntu iko na ngombe yenye inalia, na haamuke? Miye nimupelekee Muzee ngombe, weye uniletee bracelet. Nitaivaa hata leo. Unakubali?