Mkaa na Mafuta ya Kenge

Shamba la Ng'ombe la Wirrapa
9 Juni 1934

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua chako kinaendeleaje na baridi hii? Mimi ni mzima, mikono tu imepasuka kwa kufua.

Barua hii Mchungaji asiione. Nimempa mjomba Silvanus aifiche kwenye tandiko la ngamia, maana za posta Mchungaji anazifungua. Jana polisi alilala hapa. Nilikuwa namimina chai, naye na bwana wa shamba wanaongea kana kwamba mimi ni kiti. Alisema mwaka huu wanapita misheni zote kukusanya watoto weupe-weupe, wale wanawake wetu waliozaa na wazungu, wawapeleke kusini kwenye Nyumba ya Watoto, wasahau walikotoka. Bwana wa shamba akaitikia, kisha akaniomba sukari. Baba wa mwanangu huyo, mama! Anaomba sukari!

Mpake mwanangu mkaa, weupe wake usionekane. Usiache hata siku moja. Ningekuja mwenyewe, lakini nimefungwa na mkataba, na nikitoroka polisi huyo huyo ndiye atakayenirudisha.

Mwanao,
Hulda

Misheni ya Salemu
20 Agosti 1934

Hulda binti yangu,

Marahaba. Kifua kinanisumbua asubuhi, mchana nakisahau. Unga wa posho mwezi huu una wadudu, tunauchekecha na kuula hivyo hivyo.

Mume wangu mdogo ni mweusi kuliko sufuria, usiwe na wasiwasi. Kila alfajiri nasaga mkaa, nachanganya na mafuta ya kenge, nampaka mpaka nyuma ya masikio. Akiniona na kopo anatimua mbio! Jana kaniuma kidole, halafu kaja kulala mgongoni kwangu, shati limeharibika lote. Shangazi yako Paulina ananiambia, "Huyo bwana wako ananuka kama mzoga." Nikamjibu, "Na anuke, mradi ni wangu."

Kuna jambo moja. Mchungaji anataka kumbatiza Krismasi. Asiyebatizwa hapewi maziwa, na miguu ya mtoto imekuwa vijiti. Nimekubali. Ni matone matatu tu utosini, nimeyaona mara nyingi. Nitamzidishia mafuta ili maji yateleze. Na akishakuwa mtoto wa kanisa, nani atamgusa? Mchungaji ananijua tangu nikiwa mtoto wa bweni hapa misheni.

Mama yako

Wirrapa
2 Novemba 1934

Mama,

Shikamoo, na unisamehe kwa haraka yangu. Usimbatize. Mkaa na maji, mama, wapi na wapi? Nimeiba makopo mawili ya maziwa stoo, mjomba anakuletea. Mwambie Mchungaji mtoto ana homa, mwambie lolote. Nakupigia magoti.

Mwanao,
Hulda

Misheni ya Salemu
11 Januari 1935

Hulda mwanangu,

Usiniulize hali. Barua yako na makopo vimefika jana. Ngamia wa mjomba alivunjika mguu njiani, akakwama huko mpaka sikukuu ikapita. Makopo nimeyasukuma chini ya kitanda, siwezi kuyatazama.

Maji yaliteleza kama nilivyosema. Mchungaji alimwita Titus, tukaimba. Nilikuwa nimeshageuka nirudi kwenye benchi. Mkewe, Bibi Mchungaji, akatoa kitambaa cheupe amfute kichwa, kikatoka cheusi. Hakukasirika, laiti angekasirika! Alicheka: "Maskini, mchafu hivi siku ya Krismasi?" Akambeba mwenyewe mpaka jikoni kwake, akamkalisha kwenye beseni la maji ya moto. Nikamwambia, "Mama, niachie nimwogeshe mimi." Akasema, "Pumzika, Cordula, leo sikukuu."

Akawa anasugua huku anaimba. Kadiri alivyosugua ndivyo weupe wa mtoto ulivyotokea, na mkono wake ukazidi kuwa mzito. Kisha akaacha kuimba, akanitazama. Polisi alikuwa sebuleni kwao, amealikwa chakula.

Alilia, Bibi Mchungaji, sikatai. Lakini hakumficha. Na Mchungaji niliyemtegemea alisema eti serikali ni serikali.

Wamemweka mjini na wenzake. Paulina kasikia watapandishwa gari moshi la Jumatatu mojawapo ya mwezi ujao, nalo husimama hapo kwenu kujaza maji. Nenda, mwanangu. Mguse japo kidole. Mimi nimeshindwa kukutunzia, na sina uso wa kukuangalia.

Mama yako

Wirrapa
19 Februari 1935

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo, maana natembea na kufua kama kawaida.

Nimekwenda kila Jumatatu, na jana lilikuja. Watoto walijaa madirishani, wote wamenyolewa, mashati ya namna moja, wameogeshwa mpaka wanang'aa. Nilipita chini ya madirisha nikiita, "Titus! Titus!" Hakuna aliyegeuka. Jina lenyewe kapewa juzi tu, angelijulia wapi? Nikaita lile la kwetu, polisi akanisukuma: "Toka hapa, we mwanamke!"

Mama, nilikuwa namtafuta mtoto mweusi. Nilimwacha bado mchanga, na mwaka juzi waliponiruhusu kuja nilimkuta amepakwa, nikamuaga amepakwa vile vile. Uso wake mwenyewe siujui. Nilitazama mmoja baada ya mwingine, nikaona watoto wa watu.

Gari moshi lilipoanza kusogea, mmoja alinyoosha mkono nje. Nilikuwa na mkate kwenye aproni, nikakimbia nikampa. Aliupokea kwa mikono miwili. Labda ndiye, mama. Labda siye. Wewe ungemjua.

Mwanao,
Hulda