Kamera Isiyojua Kutuma

5 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo huko? Sisi wazima, mama anatembea mwenyewe hadi uani, goti tu ndilo linalomsumbua. Nakuandikia maana nikikupigia simu mama huwa ubavuni mwangu, anasikia yote.

Unanilaumu mbona sikutumii picha yake. Wewe si ndiye uliyemweka mtandaoni ulipokuja mara ya mwisho, akiwa hoi kitandani, kichwa wazi, eti watu wamwombee? Walimwombea, na wengine walimcheka. Tangu siku hiyo, simu ikiinuliwa anajifunika uso.

Sasa sikia kituko. Nimenunua kamera ya mtumba, zile ndogo za kidijitali za enzi zetu za shule, nipige picha nguo ninazoshona. Vijana wanazigombania sokoni! Wanasema picha ya simu inakulainisha mpaka unakuwa mtu mwingine. Mama akaigeuzageuza: "Hii nayo ina mtandao?" Nikamwambia haina hata pa kuuweka. Akaenda kuvaa! Nimempiga picha tatu. Alipojiona akasema, "Ee, huyu ndiye mimi, na mikunjo yangu yote." Ila ameapa: wewe utaziona ukija, si vinginevyo.

Dada yako

19 Februari

Dada yangu mpenzi,

Salamu tele, na goti la mama nalisalimu. Mimi mzima, ila kufua mashuka ya hoteli kunanimaliza mgongo, na likizo wamenisogezea tena. Mwaka wa nne huu sijamwona mama! Nakupigia magoti: elekeza simu yako kwenye kioo cha kamera, piga moja tu, nitumie. Sitamwonyesha mtu. Mama atajulia wapi?

Mdogo wako

2 Machi

Mdogo wangu,

U mzima? Sisi hatujambo. Picha najua umeipata. Nimeipiga jikoni, mlango nimefunga, kama mwizi. Chonde, mdomo wako.

Dada yako

20 Machi

Mdogo wangu,

Leo salamu zimenikauka. Hivi ulirogwa? Mama anakupigia akujulie hali, nawe unamwambia, "Mama, lile gauni la kijani limekupendeza kweli!" Gauni nililomshonea juzijuzi tu, alilovaa kwenye zile picha!

Alipokata simu akaniomba kamera, nikamwonyesha pa kufutia. Akazifuta zote, mojamoja, kisha akanirudishia kwa heshima kama mtu anayenifahamu kidogo tu. Sasa hata nikiingia na simu ya kumulikia, anavuta shuka usoni. Ananificha uso mimi, ninayemwogesha! Najuta, mdogo wangu, najuta mpaka chakula hakipiti.

Anataka na hiyo yako uifute.

Dada yako

11 Aprili

Dada yangu,

Goti la mama linaendeleaje? Na wewe, umeanza kula? Nimekawia kujibu kwa sababu nilikuwa siwezi. Kila siku nilipeleka kidole, nikakirudisha.

Leo nimeifuta, chooni kazini, nikalia mpaka msimamizi akagonga mlango. Ulimi hauna mfupa, na wangu umekuponza wewe usiye na kosa. Likizo bado hawajanipa.

Mwambie mama nimeifuta. Hataamini, na ana haki.

Mdogo wako