Jina Lililotariziwa Kwenye Kola

Mbugangari, Gisenyi
Jumatano jioni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi mbele ya cherehani wala si kitandani, na kwamba goti lako la kukanyagia pedeli limepata nafuu. Mama je, bado anakohoa asubuhi? Mwambie majani aliyonifungia nimeyachemsha yote nikayamaliza, na baridi ya huku siiogopi tena. Mimi ni mzima. Nakula, nasoma, nalala. Sweta zangu mbili ulizonitarizia jina kwenye kola kwa uzi mwekundu bado ninazo, ingawa katika shule hii hakuna wiki inayopita bila nguo ya mtu kupotea.

Naandika kwa karatasi kwa sababu kwa simu siwezi. Jumapili nilikupigia, ukafurahi, ukaongea sana. Mwishoni ukaniuliza ni nani wanaocheka, nikakujibu ni redio. Haikuwa redio. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla ya kumpa Mama.

Yote yalianza darasani. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitupa insha: eleza jina lako, ulipewa na nani, na maana yake ni nini. Kwa wenzangu ilikuwa kazi ya dakika kumi. Unajua desturi ya huku, kila mtoto hupewa jina lake peke yake. Ndugu watatu wa tumbo moja wana majina matatu yasiyofanana, na kama baba aligombana na majirani siku ile, mtoto anaubeba ugomvi huo maisha yake yote. Hakuna anayerithi jina la ukoo kama sisi. Kwa hiyo ni mimi tu niliyekuwa na kitu cha kutafiti, na wewe unanijua, nilifurahi kupita kiasi.

Nilikaa maktaba siku nne mbele ya kompyuta moja inayofanya kazi. Kumbe Entwistle, hilo jina letu, palikuwa mahali kabla ya kuwa watu. Ni kijiji kidogo cha vilima na mvua kaskazini mwa Uingereza, katika jimbo la Lancashire, karibu na bwawa kubwa la maji. Wataalamu wanasema neno ni la Kiingereza cha kale. Sehemu ya mwisho ni pale mito miwili inapokutana, na ya mwanzo ni ndege wa majini. Wengine wanasema bata, wengine kuku wa majini, hawajakubaliana. Watu waliotoka hapo wakaitwa kwa jina la walikotoka. Wala hawakwenda mbali. Kwa mamia ya miaka walibaki katika miji ya jirani, Bolton, Blackburn, Bury, na viwanda vya pamba vilipokuja wengi wao wakawa wasokotaji nyuzi na wafumaji. Hapo nikaandika pembeni mwa daftari: ndiyo maana Baba ni fundi nguo! Baadaye wengine wakapanda meli kwenda Australia, Amerika na Kanada. Nilichora ramani ya dunia nikaweka nukta nyekundu. Lancashire zilijaa mpaka zikagusana. Afrika niliweka moja tu, Kayanga kwetu, nikaizungushia duara.

Siku ya kusoma insha sauti yangu ilikuwa ndogo kama kawaida, lakini nilisoma yote. Nilipofika kwa Mwingereza wetu, yule mpima ardhi wa hadithi yako aliyekuja na kamba na vigingi, akampenda mama yake Babu, akazaa naye, kisha akaondoka akiacha jina, nilisikia kiti kinasukumwa nyuma. Alikuwa Fabrice. Wazazi wake walirudi kutoka Goma, na yeye ndiye anayechekesha darasa zima.

"Mwalimu, swali. Huyu muzungu yake alikuwa na jina ya kwanza, ao alikuwa tu Entwistle, sawa vile bata iko tu bata?"

Wakacheka. Akaongeza: "Bon, muangalie pua yake. Hii pua iko ya Lancashire?"

"Iko ya Busasamana!" akajibu mwingine, akitaja mashamba ya hapa jirani. "Iko pua ya kuchimba viazi!"

Mwalimu naye alicheka kidogo, kisha akajifuta mdomo. "Devotha, insha yako ni nzuri, ila ina shimo katikati. Bata wako wameondoka Lancashire, wamefika Kayanga. Nani aliwaleta? Nitafutie jina kamili la huyo mpima ardhi."

Tangu siku hiyo naitwa Bata. Nikipita kwenda kuchota maji wananilia "kwa-kwa-kwa". Hata watoto wa kidato cha kwanza.

Nikadhani dawa yake ni kulipata hilo jina. Huko Uingereza kipo chama cha watu wa jina letu, wanaweka orodha ya matawi yote ya ukoo. Niliwaandikia barua pepe kwa Kiingereza changu bora kabisa, nikaambatisha ile picha yako umesimama chini ya kibao cha duka chenye jina letu. Katibu wao alijibu baada ya siku mbili. Nimelisoma jibu lake mara nyingi hata nimelikariri. Alisema hakuna mtu wa ukoo wao anayejulikana kuwa alipima ardhi Afrika Mashariki. Alisema zamani watumishi wa nyumbani walikuwa na tabia ya kujichukulia majina ya mabwana zao, huenda ndivyo ilivyokuwa kwetu. Akamalizia kwamba chama hakitoi ada za shule. Baba, sikuwa nimeomba ada.

Nilimwonyesha Shangazi niliporudi kwake jioni. Alikuwa anachambua maharage uani. Nilimtafsiria mstari kwa mstari, na nilipofika kwa mpima ardhi aliweka ungo chini akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mpima ardhi! Yewe! Bado baba yako anawalisha huyo mpima ardhi?" Kisha akaacha kucheka ghafla. "Kaa hapa. Nilikuwa na miaka saba, na nilikuwepo."

Sijui kama ninayoyaandika sasa ni mapya kwako. Nitayaandika kama alivyoyasema.

Babu na watu wake walipokimbia kutoka huku wakafika huko Karagwe, mapadri walikuwa wanagawa nguo zilizotoka Ulaya. Babu alipewa koti jeusi la vifungo vya shaba. Lilikuwa koti la mtoto wa shule. Babu alikuwa mtu mzima mwenye watoto watatu, na lilimwenea, kwa sababu ya njaa ile. Mikono tu ndiyo ilibaki nje. Siku ya kuandikishwa karani akamuuliza jina la ukoo. Babu akasema hana, kwao watu hawana kitu hicho. Karani akasema asiye na jina la ukoo hapati blanketi. Kisha akainuka kwenye meza yake, akamgeuza Babu, akaipindua kola ya koti kama mtu anayetafuta alama kwenye ng'ombe aliyepotea. Ndani kulikuwa na utepe mweupe wenye herufi nyekundu, ule ambao shule za Kizungu hushonea ili nguo za watoto zisichanganyike. Karani akausoma kwa sauti: "Entwistle! Haya, mwenyewe nimempata." Akaandika. Foleni nzima ikacheka.

"Na baba yetu akacheka," Shangazi akasema. "Alicheka kuwashinda wote. Mimi nilikuwa nimeshika pindo la koti lile, nilisikia tumbo lake linavyotetemeka. Niliporudi huku kitu cha kwanza nilichokitupa ni hilo jina. Baba yako alizaliwa baadaye, hakuona kitu. Akaliokota, akalishonea mzungu."

Nilimuuliza, basi baba yake Babu aliitwa nani? Kwa sababu kama hakukuwa na mpima ardhi, alikuwepo mtu mwingine, mtu wa kweli, na sisi hatumjui. Na nilikuwa na haraka. Jumanne ilikuwa siku yangu ya kwenda ofisi ya sekta, yaani kata ya huku, kuandikishwa kwa ajili ya kitambulisho, na jina litakaloandikwa huko ndilo nitakalofanyia mtihani wa taifa, ndilo nitakaloolewa nalo. Wewe ulikuwa umeniambia, "Usikubali wakupunguzie jina." Shangazi alikuwa ameniambia niandike Uwimana, kama wasichana wengine. Mimi niliwaza, nikilipata jina la yule baba wa Babu nitaandika hilo, na hakuna atakayecheka tena.

"Ninalijua," Shangazi akasema.

"Niambie, Shangazi."

"Kwanza mpigie baba yako. Jumapili, wageni wangu wakiwepo. Weka sauti ya nje, umwambie akuhadithie mpima ardhi toka mwanzo. Nataka nimsikie kwa masikio yangu anavyomfuta baba yetu. Akimaliza, nitakupa jina la babu yake."

Nilikubali. Hapo ndipo penye kosa langu, Baba, si kwingine. Sikulazimishwa. Nilifikiri siku mbili, nikakubali.

Kwa hiyo Jumapili baada ya misa walikuwepo wanawake watatu sebuleni na simu ilikuwa juu ya meza, katikati ya vikombe. Ulipopokea ulisema, "Mwanangu msomi!" na mmoja wao akaanza kucheka hapo hapo. Nilikuomba hadithi. Ukaniuliza mbona ghafla, nikasema ni ya insha. Ulihadithia vizuri kuliko siku zote. Ulisema Mwingereza alikuwa mrefu, alivua kofia kumsalimia mama yake Babu, alikunywa maziwa ya moto kwa kijiko. Jirani yetu, Mama Aline, alikuwa ameuma kitenge chake, mabega yanaruka. Akaninong'oneza, "Mwambie aongeze! Muulize, huyu muzungu alikuwa navaa nini?"

Nami nikakuuliza. "Baba, alikuwa amevaa nini?"

Hukusita hata kidogo. Ulisema, "Koti. Koti zuri jeusi, la vifungo vya shaba."

Baba, sijawahi kusikia watu wazima wakicheka vile. Mama Aline aliteleza kwenye kiti. Shangazi peke yake hakucheka. Alikuwa anaitazama simu kama mtu aliyetemewa mate. Ndipo ukauliza ni nani, nami nikasema ni redio, ukasema, "Haya, soma kwa bidii," ukakata.

Nilimwambia Shangazi, sasa nipe jina.

"Jina gani?"

"La baba yake Babu. Ulisema unalijua."

"Nilikuwa na miaka saba," akasema. "Mtoto hamwiti mzee wa nyumba kwa jina lake. Tulimwita sogokuru, babu, kama kila mtoto. Jina lake sikulisikia hata siku moja."

"Weee, uko mubaya," Mama Aline akamwambia, bado anafuta macho. "Donc, chai iko wapi?"

Nikaenda kuleta chai.

Tangu Jumapili nafikiria lile koti. Ulilitaja haraka mno. Mtu anayebuni hubuni kofia, hubuni maziwa, lakini koti lile hukulibuni. Kwa hiyo ulijua. Labda Babu alikuambia mwenyewe, labda uliliona limening'inia nyumbani ukiwa mdogo, ukamtafutia mtu wa kulivaa asiyechekwa. Sikuulizi. Naomba jambo moja tu, usinijibu kwa kunirudishia mpima ardhi. Nimeshamzika, na nilimzika mbele ya watu.

Jana nilikwenda ofisi ya sekta. Shangazi alinisindikiza, akasimama nyuma yangu na kalamu yake mwenyewe, eti nisije nikakosea. Karani alikuwa kijana wa Mahoko, mpole. Aliniuliza jina la kwanza nikamwambia. Akauliza la pili. Shangazi akasema kwa sauti, "Uwimana."

Nikatikisa kichwa. Karani akasubiri. Foleni nyuma yetu ikaanza kunung'unika. Basi nikamgeuzia mgongo, nikaipindua kola ya sweta, nikainamisha shingo, nikamwambia, "Limeandikwa hapa. Nakili."

Alizunguka meza akaja kulisoma. Alisoma uzi wako herufi moja moja, kidole chake kinanigusa shingo. Kisha akamwita mwenzake wa meza ya pili, "Njoo uone, huyu amepigwa alama kama ng'ombe!" Ofisi nzima ikacheka, na foleni ikacheka bila kujua inacheka nini. Nilimsikia Shangazi nyuma yangu akisema, "Mana yanjye," Mungu wangu, polepole sana, kisha nikasikia benchi linalia akiketi.

Nilikumbuka kwamba Babu alicheka. Mimi sikucheka. Niliinamisha shingo mpaka akamaliza kuandika herufi zote.

Nisalimie Mama, ila habari ya simu mfiche kama unaweza. Msalimie kaka yangu wa gereji, mwambie kile kitabu chake nimekimaliza. Msalimie bibi wa nyumba ya pili anayetuwekea funguo. Shangazi hajakutumia salamu. Asubuhi nilimkuta ameishika ile sweta yangu nyingine, anaitazama kola. Aliponiona akaitupa kitandani.

Kwenye sweta hiyo uzi umeanza kufumuka, herufi mbili za mwisho. Nitumie uzi mwekundu. Nitatarizi mwenyewe.

Mtoto wako,
Devotha Entwistle