Maganda ya Mahindi Ndani ya Kiti cha Bibi-Arusi

Citoyenne Kunda, mushauri wetu mupendwa, nimekuja na shida, lakini kwanza ujue nani anakuandikia: mimi ni Kabwe wa commune ya Kenya, mutaa ya hapa kwetu mujini, muntu mwenye motokari yote ya Lubumbashi inamujua, nikikohoa tu mu barabara moteur inaitika, na wakati wa Babelgiji kulikuwa ingénieur mumoja hakuwasha gari yake asubuyi mpaka mimi nipite niisikilize.

Sasa, dada yangu aliolewa na Kapya, na Kapya iko na Rover ya zamani, nyeusi, viti viwili vya mbele ni vya ngozi nyekundu, aliipata kwa muzungu aliyerudi kwao, na binti yao Ngosa anaolewa siku ya posho hii, Jumamosi, na kwa sababu mimi ni mujomba, ndugu ya mama, nilisimama mbele ya familia yote nikasema ni mimi nitaendesha ile Rover mpaka kanisa, bibi-arusi akae mbele, kando yangu, mutaa yote imuone, bamama bakapiga vigelegele, basi nikaongeza kwamba viti vimechoka, muniachie nivifungue, nivifanye vipya.

Nikavitoa, nikachana ngozi na kisu ya jikoni pole pole kama munganga wa opital, na ndani nikakuta nywele! Nyeusi, fungu zima! Nikapiga kelele, "Bulozi! Muzungu ametuachia uchawi!" Bibi yangu, mama ya batoto, akasema, "Baba, ile ni nywele ya farasi, bazungu banajazaka mu viti." Nikamujibu, "Farasi iko wapi hapa Kenya? Umeiona inakula wapi?" Nikaimwangia petroli, nikaichoma mbele ya majirani, na bengine banishukuru.

Kiti kikabaki maresori matupu, chuma za kujikunja tu, nikatia maganda ya mahindi, makavu, mengi sana, nikashona na uzi ya nyavu, na ukiangalia kutoka inje ilikuwa muzuri kabisa, lakini jana Kapya akakaa, ikalia kwacha-kwacha-kwacha, resori moja ikamutoboa suruali, na alipofungua mulango atoke, kuku ya mutaa yote ikaingia kudonoa kiti, kumbe punje zilibaki mule. Kapya akasema, "Shemeji, umenijengea banda ya kuku." Ngosa analia, anasema nguo yake nyeupe haitakaa pale hata kidogo, afazali aende kanisani kwa miguu, na bale ba upande ya bwana-arusi bacheke mpaka bachoke. Naomba unionyeshe namna ya kumuelezea Kapya asione ni kosa yangu, maana ni bulozi ilianza.

Na kintu kingine kidogo, hakina maana sana: kuendesha motokari, sijue. Sijapata kuendesha hata siku moja. Nilifikiri viti vikikawia, batachukua taksi.

Kabwe, Kenya

JIBU

Baba Kabwe,

Ulianza na moteur zinazoitika ukikohoa, na ukweli ukauweka chini kabisa, kama mutu anayeficha nyama chini ya bukari, ugali wetu. Nimeiona.

Bulozi haikuanza kitu. Ni mdomo wako ulianza, mikono ikaufuata. Kama ungesema ile sentensi yako ya mwisho siku ya vigelegele, viti vingekuwa vizima na suruali ya shemeji yako pia. Na bibi yako alikuambia habari ya farasi, ukaona heri majirani bakushukuru. Nakuhurumia, maana najua ulitaka kuwa mukubwa siku ya mutoto wa dada yako. Lakini Ngosa hakuomba shofere. Mujomba ndiye anamuhitaji.

Leo hii, si kesho, nenda kwa Kapya useme, "Sijui kuendesha." Usitaje Babelgiji, usitaje bulozi. Atacheka. Umuache acheke, halafu umurudishie ufunguo ya Rover.

Kisha rudi nyumbani ukamate godoro yako ya sponji, yako wewe, si ya batoto, uikate. Weka gunia nene juu ya maresori, sponji juu ya gunia, ngozi juu ya sponji. Kushona umuachie fundi wa viatu. Kisu na sindano, wewe usiguse tena.

Siku ya posho, Kapya aendeshe pole pole na binti yake kando, na wewe, mujomba, utembee kwa miguu mbele ya Rover, kifua mbele, mpaka mulango wa kanisa. Hapo mutaa yote itakuona, na hakuna atakayekuuliza habari ya usukani.

Yale maganda usitupe. Yajaze mu gunia uyalalie mpaka upate godoro ingine. Na kama kuku itakufuata mu kitanda, usiniandikie.