Bahati Inayojirudia

Same, Jumatano jioni

Wimbo ni ule ule. Mchana umeme ulikatika; uliporudi nikawasha tena kompyuta niliyoiandikia programu ya kutunga nyimbo, ikapiga noti zile zile ilizochagua jana. Kumbe kila ikiwashwa, bahati yake ya kuchagua noti huanzia pale pale. Nami nimeshamwahidi mkuu wa shule kwamba Jumamosi, mbele ya wazazi, itatunga wimbo mpya. Nitaaibika.

Nimebadilisha programu. Sasa inahesabu kimyakimya mpaka mtu abonyeze kitufe, na hesabu hiyo ndiyo inayochagua noti. Nikamwomba mama ajaribu.

“Nikikosea je?”

“Huwezi kukosea, mama.”

Alisita, akabonyeza. Ukatoka wimbo mzuri, hata akacheka. Sikuwa nimeweka kaseti ya kuurekodi.

Amebonyeza tena mpaka amechoka. Ule haujarudi.